Joka Lililovuja

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za haraka, na nikikasirika nachora. Wengine hupiga milango, wengine hununa. Mimi tangu niko shule, mjini Baraka, mtu akiniudhi nilikuwa nachukua biki na kumchora akimezwa na joka. Mwalimu wa hesabu alimezwa mara nyingi sana. Hakujua, na alinipenda, maana aliniona nimeinama juu ya kaye, daftari langu, akadhani napiga hesabu.

Joka lenyewe nilikuwa nimelitoa kitabuni. Kilikuwa kitabu cha Kifaransa kilichofika shuleni kwetu ndani ya katoni, pamoja na vitabu vya mapishi na kimoja cha kutengeneza pikipiki. Jalada lilikuwa limeng'oka, na ndani hakikuwa na picha hata moja. Kilisimulia mji ambao moto wake wote ulizimika, na msichana aliyetumwa mlimani kwenda kuomba moto kwa joka. Nilikisoma mara tatu kabla sijakubali kwamba kurasa za mwisho hazipo. Mtu alikuwa amezichana, na kila mtu wa Baraka anajua karatasi zilizochanwa huenda wapi: sokoni, kufungia karanga. Basi nikawa mnunuzi wa karanga. Muhula mzima nilinunua kwa kila mama niliyemwona na karatasi zilizochapwa, nikawa nafungua polepole na kusoma. Nikapata kipande cha katekisimu, nikapata maelezo ya dawa ya minyoo. Mwisho wa hadithi sikuupata, nilinenepa tu.

Kwa sababu hapakuwa na picha, darasa letu lilibidi lijue lenyewe joka likoje. Kamusi ya padri wa parokia yetu ilisema ni mnyama wa kubuni, mwenye mabawa, makucha na mkia wa nyoka. Hiyo haikututosha. Kichwa nikakitoa kwa kenge, mabawa kwa popo, magamba kwa samaki aina ya kuhe, na ndevu kwa kambale. Kuhusu ndevu tuligombana wiki nzima. Rafiki yangu wa dawati moja alishikilia kwamba hakuna mahali kitabu kinataja ndevu. Nikamwambia kitabu hakitaji tumbo vilevile, na tumbo lazima liwepo. Mwisho wake kila mtu alitaka joka langu kwenye jalada la kaye yake, hata yeye, na yeye alitaka lenye ndevu. Miaka mingi baadaye nilikuja kuona majoka ya wengine, yaliyochapwa kwa rangi nzuri. Mengi hayana ndevu, na kusema kweli niliyahurumia.

Nilikuwa na miaka kumi na saba vita ya pili ya nchi yetu ilipotufikia. Nilikuwa nalelewa na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, kwa sababu mama alifariki mapema na baba alikuwa dereva wa lori, siku zote njiani. Siku milio ilipoanza baba alikuwa Uvira, na barabara ikakatika upande wa Mboko. Tukaondoka na boti, shangazi na mimi, kuelekea kusini, kijiji cha Kazimia. Mimi nilificha kitabu ndani ya beseni, chini ya unga wa mihogo. Shangazi alibeba sufuria moja, vitenge viwili, na jiwe la mtoni la kulainishia vyungu, alilopewa na mama yake. Nilimuuliza kwa nini anabeba jiwe wakati anaacha godoro. Akalifunga ndani ya kitenge kimoja.

Shangazi alikuwa mfinyanzi. Baraka yote ilijua nyungu zake, na wanawake walizigonga kwa kidole kabla ya kununua kwa kufurahia sauti tu. Mimi aliniita mama, kwa sababu jina nililopewa ni la mama yake, yule mwenye jiwe. Alikuwa mtu wa maneno machache na alichukia kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni kula kwa mkono wa mtu mwingine. Kazimia ndiko alikopaswa kula kwa mkono wa mtu. Tulipokelewa na familia ya mvuvi, watu wema kabisa, wakatupa chumba cha nyuma na kila jioni sahani ya bugali na ndagala, visamaki vidogo vya ziwani. Shangazi alishukuru, akala kidogo, na asubuhi akaamkia shamba la mwenyeji kulima mihogo ambayo hakuna aliyemwomba ailime.

Mimi nilinyamaza. Baraka nilikuwa kwenye kwaya ya parokia, sauti ya pili, na nyumbani walinichoka kwa kuimba nikiosha vyombo. Kazimia sikuimba. Wala sikuwa na karatasi, kwa hiyo nilichora majoka ya makaa ukutani, makubwa, yenye hasira, mpaka mke wa mvuvi akasema kwa upole kwamba ukuta wake umeshashiba. Baada ya hapo nilikuwa nakaa tu. Nilimsikia shangazi akimwambia yule mama kwamba mtoto wake amezibika.

Nyuma ya Kazimia, kwenye kijito, kuna udongo mzuri wa kufinyangia. Ulikuwa mikononi mwa akina mama wafinyanzi wa pale, na mkubwa wao alikuwa bibi mmoja mwembamba waliyemwita mama mwenye udongo. Mgeni hakukatazwa kuchimba, ila kulikuwa na utaratibu. Unapewa beseni moja la udongo. Unafinyanga chungu kimoja. Kinachomwa pamoja na vya wenyeji, kisha asubuhi kinajazwa maji na kuwekwa juu ya majivu makavu mbele ya wote, mpaka jua lifike utosini. Jasho kidogo la chungu kipya linasamehewa. Tone halisamehewi. Majivu yakibaki makavu, unachimba kama mwenyeji. Yakilowa, unangoja mpaka mvua zije na ziishe, kwa sababu mvua ikianza kijito kinafunika udongo wote. Hawakuwa wabaya. Boti zilichukua vyungu vya Kazimia kupeleka vijiji vingine vya pwani ya ziwa, na chungu kimoja kinachovuja kingewaharibia jina wote.

Kwetu maana yake ilikuwa wazi. Majivu makavu, shangazi anarudi kuwa shangazi. Majivu mabichi, ni miezi mingine ya kula kwa mkono wa mtu na kulima mihogo ya shukrani. Nilijua hivyo vizuri, na ndiyo sababu bado najionea haya.

Alifinyanga chungu kile kwa siku mbili. Alisaga vigae vya zamani akachanganya na udongo, akakanda kwa kisigino, akakizungusha kamba ya udongo juu ya kamba. Kisha akakilainisha kwa jiwe la mama yake mpaka kikang'aa. Akakiweka kwenye kivuli cha chumba chetu kikauke taratibu, akaniambia nisikiguse. Ndilo jambo pekee aliloniambia.

Siku ya tatu alikwenda shambani. Nikabaki mimi na chungu. Kilikuwa kimeanza kugangamaa lakini bado kinakubali kucha, na tumbo lake lilikuwa laini, pana, halina kitu. Kwa mtu aliyekaa bila karatasi kwa muda ule, jamani, hata malaika angejaribiwa. Nikatafuta mwiba wa samaki. Nikasema nitachora mkia tu, mdogo, kwa chini, hakuna atakayeuona. Mkia ukataka mwili. Mwili ukataka magamba, na magamba ya kuhe ukianza moja huachi. Nililikunja joka lote upande mmoja wa tumbo la chungu, na ndevu zake, na mabawa, na mwisho nikalifungua mdomo kwa sababu nilitaka litoe moto. Mdomo nikauchimba kwa nguvu. Nilipomaliza jua lilikuwa limeshuka sana, na kwa bahati yangu shangazi alikuwa amechelewa siku ile. Nikageuza joka likaangalia ukuta. Alipoingia, amechoka, mgongo umelowa, aliuliza kama kuna maji ya kunywa. Nikamletea, nikamshukuru Mungu kwa kuchelewa kwake.

Siku zilizofuata nilikaa roho juu. Kila nilipotazama, joka lilikuwa linaangalia ukuta, na shangazi hakusema kitu.

Siku ya kuchoma, akina mama walipanga vyungu vyao juu ya magome na kuni, wakafunika kwa majani makavu, na cha kwetu kikabebwa na shangazi mwenyewe kwa kitenge. Kilipotoka motoni na kufutwa majivu, joka likaonekana na watu wote. Lilikuwa limependeza kuliko nilivyolichora, jekundu mgongoni na jeusi mabawani kwa sababu ya moshi. Mama mmoja alirudi nyuma hatua moja na kuuliza kama huyu ni yule mnyama wa ziwani ambaye wavuvi hawapendi atajwe. Wote wakamtazama shangazi. Shangazi alikuwa ananitazama mimi, uso wake mtulivu kabisa, na mimi nikaona ardhi ni ngumu sana, haitafunguka inimeze.

Asubuhi yake kikajazwa maji na kuwekwa juu ya majivu. Tukakaa. Mama mwenye udongo akanyoosha kidole kuelekea joka.

"Njo weye ulichora? Basi tuambie huyu ni nani. Jua iko mbali bado."

Nikawaambia. Mwanzoni nilisema kwa sauti ya mtu anayeungama, maneno mawili mawili. Lakini wale akina mama walikuwa wasikilizaji wakali. Nilipofika mahali mji mzima unakosa moto na msichana anatumwa mlimani, wakanisimamisha. Walitaka kujua kwa nini asiende kwa jirani. Nikasema moto ulizimika kwa wote. Wakasema haiwezekani, siku zote kuna nyumba moja iliyoacha kaa chini ya majivu. Nikasema ni kitabu. Mama mmoja akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Bale bantu hawana majirani," akasema, na wengine wakaitika kwamba ndivyo, hilo ndilo tatizo la mji ule, si joka.

Nikakasirika. Nikakitetea kitabu changu kwa mikono na miguu. Nikawasimulia mlima, pango, pumzi ya joka inayoyeyusha mawe, namna msichana alivyolikuta limelala. Nikaanza kusimama, nikatembea kama joka, na mama aliyerudi nyuma jana yake akawa anacheka mpaka anashika mbavu. Kisha nikafika penye kurasa zilizochanwa, nikawaambia ukweli, kwamba mwisho ulifungiwa karanga. Wakapiga kelele za kusikitika kuliko waliposikia tumekimbia vita. Mama mwenye udongo akafikiri kidogo, akasema mwisho wake anaujua: joka lilikuwa mwanamke, na lilikaa peke yake kwa sababu hakuna aliyewahi kulipigia hodi. Msichana alipiga hodi, akapewa makaa mawili kwenye kigae kama mtu yeyote. Akina mama wakaridhika. Mimi pia niliridhika, ingawa sikusema, na mpaka leo huo ndio mwisho ninaoujua.

Hapo ndipo tone likatoka. Lilitoka mdomoni mwa joka, pale nilipochimba kwa nguvu, likaning'inia kwenye ndevu, likaanguka kwenye majivu na kuacha doa. Likafuata lingine. Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Nilitaka kulia na sikuweza, kwa sababu shangazi alikuwa hajalia, na yeye ndiye aliyepoteza. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, akiangalia lile doa linavyopanuka.

Mama mwenye udongo aliinama, akapitisha kidole ndani ya chungu, kisha nje, akakigonga mahali pengine pote. Alichukua muda. Akamwambia shangazi kwamba ukuta wa chungu hauna kosa hata kidogo, na kwamba utaratibu ni utaratibu, majivu yamelowa. Halafu akanigeukia.

"Mukono ya huyu mama haijakosa. Ile ilikosa ni yako. Sasa utafinyanga weye, beseni moja, na yeye asikusaidie hata kidole. Yako ikishika maji, mutachimba bote wawili."

Sikuwahi kufinyanga hata kifuniko. Shangazi alikuwa amejaribu kunifundisha Baraka na mimi nilikuwa msomi, ninajua Kifaransa, udongo ulinichafua kucha. Sasa nikakaa mbele ya beseni lile kama mpumbavu, shangazi amekaa mita mbili kutoka kwangu, mikono ameikalia ili isimponyoke. Cha kwanza kilianguka upande. Nikakanda upya. Cha pili kilipasuka shingo. Cha tatu kilisimama lakini kilikuwa na umbo la mtu mwenye jino linalouma, na nilikivunja mwenyewe kwa ngumi, nikarusha udongo ukutani, nikatukana. Shangazi akangoja nimalize hasira. Akaniambia udongo uliokuwa ukutani niubandue, maana ni sehemu ya beseni. Kisha akafanya jambo ambalo sheria haikulikataza: akanipa jiwe la mama yake, akaliweka kiganjani mwangu na kunifunga vidole juu yake.

Cha nne kilisimama. Kilikuwa kizito na kifupi, hakina pambo lolote, na mwiba wa samaki niliutupa kijitoni ili nisijaribiwe. Siku ya maji nilikaa mbele yake sipumui. Jua lilifika utosini, mama mwenye udongo akanyanyua chungu changu, akapeleka kiganja kwenye majivu, akatuonyesha kiganja. Kilikuwa cheupe, kikavu, na unga wa majivu. Shangazi alisimama, akachukua jembe, akaenda kuchimba saa ile ile, na jioni alikula sahani nzima ya bugali na kuomba iongezwe.

Joka letu halikutupwa. Kitu kinachovuja maji hakivuji kaa, kwa hiyo shangazi alikifanya chungu cha kutunzia moto. Mara ya kwanza alipotia makaa na kupepea, mwanga ukatokea kwenye ule ufa wa mdomo, na moshi kidogo ukapita kati ya ndevu. Tulitazamana. Mvuvi aliitwa, mke wake akaitwa, na kufikia Jumapili kulikuwa na akina mama wanaokuja na vigae vyao asubuhi kuomba moto kwa joka, wakati nyumbani kwao moto upo. Walikuwa wakipiga hodi kwanza, kwa heshima, na kucheka. Tulikaa Kazimia miaka iliyobaki ya vita, na nikiambiwa nitaje miaka mibaya ya maisha yangu, ile siitaji.

Baraka tulirudi. Baba alitukuta hapo, barabara ilipofunguka. Mimi sikurudi shule. Nilibaki na udongo, na leo nyungu zangu zinagongwa kidole sokoni kabla ya kununuliwa. Kitabu bado ninacho, na joka nalichora kwa rangi nyeupe baada ya chungu kuchomwa, halichimbwi.

Ilinichukua miaka mingi kufikiri jambo ambalo mfinyanzi yeyote angelifikiri siku ya kwanza. Nilikuwa natengeneza mtungi mkubwa wa harusi, uko kivulini unakauka, nikaenda kuugeuza kama ninavyofanya kila siku. Chungu kibichi lazima kigeuzwe, asubuhi na jioni, upande ulioelekea ukuta uje mbele na wa mbele uende ukutani, la sivyo kinakauka upande mmoja na kupasuka. Hakuna mfinyanzi anayeacha. Nilikuwa nimeushika mtungi kwa mikono miwili, na nikasimama hapo hapo. Shangazi lazima alikigeuza chungu kile cha Kazimia pia, usiku nikiwa nimelala. Na kila mara, kabla sijaamka, alilirudisha joka likaangalia ukuta, kama nilivyoliacha.

Nikatoka nje na mikono yangu michafu. Alikuwa amekaa uani anachambua maharage, mzee sasa, macho mazito. Nikamuuliza kama aliliona joka kabla ya kuchoma. Akasema aliliona. Nikamuuliza kama alijua kwamba litavuja. Akasema mdomo ule, hata mtoto angejua. Nikaanza kupandisha sauti, nikamuuliza kwa nini basi hakuuziba kwa udongo, kwa nini hakunipiga, alijua kabisa anachopoteza.

Aliendelea na maharage. Akatoa jiwe moja dogo, akalitupa.

"Ile siku nilirudi mapema," akasema. "Nikafika kwa mulango, nikakusikia. Ulikuwa unachora na unaimba, mama. Basi nikarudi shamba, nikalima mustari mingine mupaka umalize."